Pombe ya Kuoa Hairudi Nyumbani

Mtu aliyetaka kujua habari za bia pale Kamina, miaka ile ya Zaire, hakuwa na haja ya kwenda baa. Alikwenda stesheni, akamtafuta karani Isaïe Kabwe, mtu ambaye tone la pombe halijapata kupita kooni mwake tangu azaliwe. Dunia ina vituko vyake. Karatasi za mabehewa zote zilipita mezani pake, kwa hiyo shemasi huyu wa Kimetodisti ndiye aliyejua, kabla ya walevi wote wa mji, kwamba bia ya Simba imetoka Lubumbashi, kwamba Tembo imekwama Bukama pamoja na injini yake, kwamba juma hili ni Fanta tupu na watu wavumilie. Walimwuliza dirishani: "Papa Isaïe, Simba iko mu njia?" Naye alijibu bila kuinua kichwa: "Treni njo iko mu njia. Bile biko ndani, muulize mwenyewe yabyo." Hakuwahi kumdanganya mtu, wala hakuwahi kumsaidia.

Binti yake, Jeannine, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Shuleni aliitwa citoyenne Kabwe, yaani raia Kabwe, maana majina ya ubatizo serikali ilikuwa imeyapiga marufuku. Nyumbani na kanisani alikuwa Jeannine kama kawaida, na serikali haikuingia huko. Kila mchana alimpelekea baba yake chakula stesheni. Ni huko alikokutana na Bolingo.

Bolingo alikuwa kaporali, fundi wa magari kule base, yaani kambi ya jeshi, kijana wa Équateur aliyelelewa na mjomba wake. Alitumwa kwa lori kuchukua makasha ya bia ya mess, bwalo la askari. Sasa, askari wengine walipakia makasha wakaondoka. Huyu alikuwa na maoni. Ukimsikiliza ungedhani bia ni watu wa ukoo wake.

"Simba," alimwambia Jeannine siku ya kwanza, bila hata kuulizwa, "njo bia ya muntu mwenye kuwa na haraka. Anakunywa, anaenda. Tembo iko ya muntu mwenye kuikala. Iko na ile buchungu ya mukate ya chini, ile yenye iliunguaka. Na yenye kutoka na treni, usiifungue siku ile ile. Imechoka. Iache ilale kwanza." Halafu akajifuta mikono. "Weye, mwalimu, unapenda gani?"

"Minyi sikunywake pombe."

"Hata moya?"

"Hata moya. Nilikula kiapo ku kanisa."

Wanaume aliowajua Jeannine wangecheka hapo, au wangeanza kumbembeleza aonje kidogo tu, kidogo hakimuui mtu. Bolingo alifikiri, akasema: "Basi minyi nitakukunywia, kisha nitakuambia." Maneno hayo ndiyo yaliyomwangusha Jeannine. Tusitafute mengine.

Mwaka mzima Bolingo alimnywea. Kila lori lilipokuja stesheni, Bolingo alileta ripoti yake: Simba ya juma lililopita ilikuwa changamfu, Tembo ilikuja na povu la hasira, bia za Kinshasa ni nzuri palipo na muziki lakini ukizima redio hazina la kusema. Jeannine alizijua bia kwa sikio kama mtu anavyojua nchi ya mbali kwa barua za ndugu. Siku moja, katika chumba cha walimu, wakati wenzake wakibishana, aliteleza akasema kwamba Tembo ya siku hizi si mbaya, ila imesafiri vibaya. Chumba kizima kikamgeukia. Msimamizi wa shule aliuliza kwa upole citoyenne amejulia wapi hayo, na citoyenne akatafuta chini ya meza chaki ambayo haikuwa imeanguka.

Kisha Waamerika wakaja base kwa mazoezi ya kijeshi, na pamoja nao ikaja burboni, pombe kali ya kwao.

Watu walioishi base wakati ule watakwambia hapakuwa na mazungumzo mengine. Nganda, ile baa ya nyumbani ya Mama Marceline, mke wa mjomba wake Bolingo, ilijaa watu ambao hawajaionja na wote walikuwa na hakika. Mmoja alisema ni wiski. Mwingine alisema wiski inanuka moshi na hii hainuki moshi, basi si wiski. Mtu mmoja aliapa kwamba marubani wanaitia katika injini. Hapo mjomba mwenyewe, Adjudant Likoke, akaingia na chupa nzima, yenye nta nyekundu shingoni. Fundi mmoja wa Kiamerika alikuwa amempa kwa sababu Likoke alimwamshia jenereta iliyowashinda wote.

"Inatoka na nini?" Mama Marceline aliuliza.

"Na mahindi," Likoke alisema. "Yeye mwenyewe aliniambia."

"Mahindi?" Mama Marceline aliweka mikono kiunoni. Yeye alipika lutuku, gongo yake ya mahindi, nyuma ya jiko, na kila baada ya muda mapolisi wa jeshi walikuja kuimwaga, wakiwa wameshaonja. "Basi hii njo lutuku. Lutuku ya kuvaa kravati mu shingo. Yangu banamwanga, na hii banapigia saluti."

Nganda ilicheka mpaka jioni. Likoke aligawa kwa kifuniko, kila mtu tone la ulimi, kisha akaifunga chupa na kusema hiyo iliyobaki haitaguswa mpaka siku atakayovua magwanda. Bolingo alipeleka ripoti stesheni. "Iko na harufu ya mbao ya sasa," alimwambia Jeannine, "na ya sukari yenye kuungua mu sufuria. Inaingia na moto, kisha moto inaenda, inabakia butamu." Jeannine alifunga macho ili asikie vizuri. Alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa anapenda kwa moyo wote, na kama angeulizwa burboni ni nini angesema ni sauti ya mtu huyu.

Bolingo alipotuma habari kwamba wazee wake watakuja kufunga lupango, yaani kumwekea binti alama kwamba ana mwenyewe, nyumba ya Isaïe Kabwe ilikaa kimya siku nzima. Mama Phébé, mama yake Jeannine, aliongoza wamama wa kanisa, na kwake askari na mlevi walikuwa ndugu wa tumbo moja. "Leo iko Kamina, kesho banamutupa Gbadolite," alisema. "Na mutoto wangu atabakia na masahani." Isaïe alimaliza kula. Alinawa. Mwishowe akasema: "Wakuye," yaani waje. Akaongeza sharti moja tu, kwamba wasilete pombe, walete Fanta. Kama alifurahi au alichukia, usoni hapakuwa na kitu. Mtu huyo hata treni ilipoanguka alikuwa na uso huohuo.

Kulikuwa na sababu ya sharti lile, na kila Mmetodisti wa Kamina aliijua. Shemasi mwingine, mzee Manassé, alikuwa ameozesha binti yake, wakwe wakaleta bia, yeye akapokea bilauri kwa aibu ya kuwakatalia wageni. Hakunywa hata nusu. Kanisa lilimwita, likamwuliza mbele ya watu, akakiri. Wakamtoa kwenye kiti cha mashemasi wakamkalisha benchi la nyuma pamoja na wale wanaojifunza ubatizo, watoto wa miaka kumi na mbili, na mzee yule mwenye mvi alikaa pale na magoti yake marefu, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka alipokufa. Jeannine aliimba kwaya mbele yake kwa muda wote huo. Hakupata kusahau yale magoti.

Walikuja Jumamosi alasiri: Adjudant Likoke amevaa abacost, suti ya Kizaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi, Mama Marceline na pagne mbili za wax, vitenge vya bei, na wazee wawili wa base wasiosema sana. Bolingo hakuwamo, kwa kuwa kwa desturi yao mwenye kuoa haoni kinachosemwa. Alibaki nganda akingoja. Makasha ya Fanta yalipangwa ukutani. Mama Phébé, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, aliona yale makasha akalegea kidogo, na jikoni alikuwa amechinja kuku wawili. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Jeannine alisikiliza nyuma ya pazia.

Hapo Likoke akasimama, akapokea kitu kilichofungwa kitambaa kutoka kikapu cha mkewe. Ilikuwa ile chupa.

"Papa Kabwe," alisema, "tulisikia sheria ya nyumba yenu. Fanta njo ile. Lakini kwetu hatufunge lupango na maji ya sukari. Bakubwa ba kwetu, benye walishakufa, habatasikia kama kuko ndoa. Hii nilikuwa naichunga ku siku yenye nitatoka mu jeshi. Mutoto wa dada yangu anapita ile siku." Alimimina katika bilauri kiasi cha kijiko. "Siombe muntu wa hapa akunywe. Naomba tu mutoto aweke ulimi, kisha aweke kikombe mu mukono ya baba yake. Baba haiko lazima akunywe. Apokee tu. Njo mwisho."

Mwanamume huyu alikuwa ametoa kitu alichokipenda kuliko vyote, na alikuwa amejikunja mpaka pale mila yake ilipoweza kujikunja bila kuvunjika. Hakuna aliyemfahamu hivyo mle ndani. Mama Phébé aliona chupa tu.

Jeannine aliitwa. Alipiga magoti mbele ya Likoke, akapokea bilauri kwa mikono miwili. Harufu ilimpanda, na ilikuwa kweli: mbao mpya, sukari iliyoungua. Ilikuwa ni kama Bolingo amekuja kusimama nyuma yake. Alitaka kunywa. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu baadaye watu walisema mengi: alitaka kunywa, na mkono ulikuwa umeshaanza kuinuka.

Alimtazama mama yake. Shingo ya Mama Phébé ilikuwa imekakamaa. Akamtazama baba yake.

Isaïe Kabwe alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya magoti, viganja wazi, vile alivyokaa kila alipoomba. "Anaomba," Jeannine aliwaza. "Anamwomba Mungu nisinywe." Aliikumbuka Pasaka ile aliyokula kiapo, na kwamba Biblia aliyoiwekea mkono ilishikwa na mtu huyuhuyu. Akamwona baba yake kwenye benchi la nyuma la mzee Manassé, katikati ya watoto, na magoti yake. Na Bolingo? Bolingo ataelewa. Bolingo ndiye aliyesema atamnywea. Kesho atamweleza, naye atacheka.

Alishusha bilauri. "Papa Likoke, munisamehe. Minyi sikunywake."

Likoke hakukasirika. Kwa desturi yao binti huulizwa tena, kwa kuwa jibu la kwanza ni la haya. Aliinama akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mtoto kuvuka maji: "Mwanangu, sikiliza muzuri. Tunakuuliza mbele ya baba yako na mama yako. Unaweka ulimi, ao hapana?"

Jeannine alimtazama baba yake mara nyingine. Macho hayakufumbuka.

"Hapana, Papa," alisema.

Likoke akairudisha ile pombe katika chupa, polepole, bila kumwaga tone. Akaifunga. Akasema, "Tumesikia," na wale wazee wawili wakasema, "Tumesikia." Kisha wakaanza kubeba makasha ya Fanta kuyarudisha kwenye lori. Mama Phébé alibabaika, akasema chakula kiko tayari, kuku wameiva, wageni wanakwenda wapi. Makasha yaliendelea kutoka. Mama Marceline alikuwa wa mwisho kutoka. Alimgusa Jeannine shavuni, bila ubaya wowote, akasema: "Ungesema mapema, mama. Hatungevaa vile."

Hata hapo Jeannine alikuwa hajaelewa. Alidhani wameona uchungu wa chupa yao kukataliwa, na uchungu huo utapoa. Baba yake alifumbua macho lori lilipowaka. Alitazama mahali makasha yalipokuwa, akainuka, akatoka nje, na usiku ule hakugusa kuku.

Kesho yake, Jumapili, Jeannine aliimba kwaya, kisha, bado amevaa blauzi nyeupe ya kwaya, akapanda lori la mihogo linalokwenda base. Njiani alipanga maneno. Yalikuwa maneno mepesi, ya kuchekesha hata, kwamba mtu anaweza kukataa mchuzi bila kumkataa mpishi.

Ilikuwa mchana, na nganda ilijaa askari waliokuwa na mapumziko. Mwalimu wa misheni alipoingia na blauzi ya kwaya, redio ikapunguzwa. Bolingo alikuwa peke yake mezani na Simba aliyoifungua bila kuinywa. Karibu na mlango wa jiko alisimama Albertine, mpwa wake Mama Marceline, binti mpole wa miaka kumi na tisa, akisuuza bilauri. Alipomwona Jeannine alizidi kuisuuza ile moja.

Jeannine alikaa. "Sikukatala weye," alisema. "Nilikatala pombe."

Bolingo aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kwetu njo kintu kimoya. Ulijua. Nilikuambia."

"Uliniambia harufu yake. Haukuniambia ile."

"Nilimwambia Noko Likoke bantu ba kanisa habakunywake. Akasema: sitamunywesha, aweke ulimi tu. Hata mutoto muchanga banamuwekea chumvi ku ulimi, Jeannine. Alikuuliza mara mbili, na baba yako alinyamaza."

"Basi mwambie arudi. Arudi leo. Nitaweka ulimi, nitaweka kinywa muzima."

Bolingo aligeukia kaunta. Mama Marceline ndiye aliyejibu, kutoka nyuma ya kaunta, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. "Mama, pombe yenye ilitoka ku nyumba kwenda kuoa, hairudi ku nyumba ikijaa. Bakubwa bangetulaani. Jana jioni Noko yake alisimama hapa na chupa mu mukono, haya imemukamata, bantu bote banamuangalia. Akauliza nyumba gani itapokea. Albertine alikuwa hapa."

"Alikunywa?"

"Aliweka ulimi. Akanipatia kikombe. Nikapokea. Lupango ikafungwa."

Albertine aliweka bilauri chini. "Ba tantine baliniuliza," alisema kwa sauti ndogo, akimwelekezea Mama Marceline kidevu, "sikujua namna ya kukatala." Na hakusema uongo. Alikuwa amempenda Bolingo kimya kimya kwa miaka, kila mtu wa nganda alijua, lakini si yeye aliyeivuta ile chupa.

"Na weye," Jeannine alimwambia Bolingo, "weye ulisema nini?"

"Nilisema nini? Noko njo alinilea. Alinilisha na mushahara ya askari, na unajua mushahara ya askari. Alikuwa anatetemeka, Jeannine. Sijamuonaka anatetemeka." Alisukuma chupa yake ya Simba mbali. "Weye ulimuogopa baba yako. Minyi vile vile."

Mezani pa Likoke, pembeni, ile chupa yenye nta nyekundu ilikuwa bado imesimama, na chini yake palibaki kiasi cha vidole viwili. Jeannine aliinuka, akaichukua, akamimina yote katika bilauri ya Albertine, akainywa wima, mbele ya askari, mbele ya blauzi yake nyeupe, mbele ya Mungu aliyemwapia. Alikohoa, machozi yakamtoka. Hakuna aliyemzuia. Askari mmoja mzee, mtu mwema, alimwuliza: "Iko namna gani, mwalimu?"

Jeannine alifikiri kwa haki, maana alikuwa amefundishwa kutoa maoni. "Moto inaingia," alisema. "Bolingo alisemaka kisha kunabakia butamu. Sioni."

Bolingo aliweka uso mikononi. Jeannine alitoka, na kwa kuwa lori la kurudi halikuwapo alianza kutembea, mpaka trekta ya shamba moja ilipomwokota njiani.

Habari mbaya haihitaji gari. Alipofika nyumbani mama yake alikuwa amejifungia chumbani, na wamama wawili wa kanisa walikuwa wanatoka langoni wakiangalia chini. Jua lilikuwa bado halijazama. Baba yake alikaa uani kwenye kiti cha mbao, amevaa koti la kanisani na kola imefungwa mpaka juu. Jeannine alipiga magoti mbele yake, akiwa tayari kwa lolote.

"Ulikunywa," Isaïe alisema.

"Nilikunywa, Papa."

"Ya Likoke?"

"Ya Likoke."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na hasira. Jeannine aliitafuta usoni mwake hakuiona, na hilo lilimtisha kuliko fimbo. Kuku wa jirani walipita katikati yao. Mzee akakunjua vidole vyake, akavikunja.

"Sasa juu ya nini leo?" aliuliza. "Jana ulikuwa na nini?"

Jeannine hakuelewa. "Jana ulikuwa unaomba, Papa."

"Sikuwa naomba."

"Nilikuona. Ulifunga macho."

"Nilifunga macho juu nisione." Alisema neno kwa neno, vile alivyokuwa akisoma karatasi za mabehewa. "Kanisa ingeniita. Wangeniuliza: Kabwe, mutoto wako alikunywa pombe mu nyumba yako? Ningewajibu: sikuona. Ingekuwa kweli. Minyi sijasemaka uongo mu kanisa, na sikutaka kuanza. Nikawaza: kama nafunga macho, mutoto ataweka ulimi, ataniwekea kikombe mu mukono, minyi nitasikia kikombe, sitakiona." Alitazama viganja vyake. "Nilifungua mukono. Nilingojea. Alipokuuliza mara ya pili, nilikaza macho tena, juu usiogope."

Jeannine aliinua uso. "Ulimupenda Bolingo?"

"Ile mutoto iko na akili. Alikuwa anapakia makasha bila kuvunja hata moja. Na weye ulikuwa unacheka. Minyi niko na madirisha ku bureau, naona bantu." "Mama yako ningemutuliza pole pole."

"Minyi nilikuwa nakuchunga, Papa. Nilikuona ku benchi ya mzee Manassé."

"Najua. Nilijua usiku, walishaondoka."

"Kwa nini haukuwaita? Walipopakia Fanta, lori ilikuwa hapa."

Jibu alilolipata Isaïe Kabwe lilikuwa dogo. "Nilisema pengine haukumutaka. Pengine umekatala kweli. Sikutaka kukulazimisha."

Jeannine alimtazama, mtu huyu aliyemfundisha kusoma, kuapa na kunyamaza. Alitamani kumkasirikia na hakuweza, maana hapakuwa na mahali pa kuishika hasira ile. Kila mahali alipogusa palikuwa na upendo, na upendo huo ndio uliomaliza maisha yake.

"Ungekohoa tu, Papa," alisema.

Uso ule wa baba yake usiobadilika hata treni ilipoanguka ukavunjika, mzee akaanza kulia bila sauti, kola bado imembana shingoni. Tangu utoto Jeannine alikuwa ndiye anayekimbilia mtungi wa uani kumletea baba yake maji kila alipochoka. Aliyasikia maji yakidondoka katika mtungi ule ule, hatua chache nyuma yake, na hakuinuka.